Mgongo Unauma, Uko Kitale: Ulipie Mikono Ipi?

Mahindi yakishakauka Trans-Nzoia, kuanzia Oktoba hadi Krismasi inapokaribia, kazi kubwa ya mji wa Kitale ni kupakia na kupakua. Lori linarudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa ghala, ubao unaegemezwa, na vijana wanaanza kupanda na gunia begani, shingo imeinama upande mmoja kama inayosikiliza kitu. Bei ya mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 90, na mara nyingi hizo kilo 90 ndizo zinazopanda ubao. Viazi vilipata bahati, kwani kanuni za mwaka 2019 ziliamuru gunia lake lisizidi kilo 50. Mbeba mahindi bado anasubiri huruma ya aina hiyo, na sijui tiba ya mgongo iliyo rahisi kuliko gunia dogo.

Gunia hilo halipungui kesho. Wapakiaji nao si peke yao: kuna mama aliyeinamia jembe la palizi tangu Aprili, dereva wa matatu anayekalia kiti kilichobonyea kati ya Kitale na Bungoma, karani anayetazama kompyuta shingo ikiwa mbele ya mabega. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Soko ni kubwa, na kila anayeuza mikono analijua.

Kati ya milango yote ya tiba, nitaanza na ule ulio mgeni zaidi, kwa sababu ndio ghali na ndio unaoulizwa kwa minong'ono. Ni tiba ya kraniosakrali. Kitale na Bungoma huwa inafika kwa simu kwanza: shangazi aliyeko Nairobi anakuambia kuna mtaalamu mmoja, zamani alikuwa mcheza dansi wa jukwaani, sasa anatibu kwa kushika kichwa, mikono yake ni ya ajabu, mjaribu. Unajiuliza mambo mawili kwa pamoja: kushika kichwa kunatibuje kiuno, na mcheza dansi amejifunzia wapi utabibu?

Kikao chenyewe ni cha upole mno. Unavua viatu na mshipi, nguo zinabaki mwilini. Unalala chali kwenye kitanda chembamba. Mtaalamu anaketi kwenye kigoda upande wa kichwani, anapitisha vidole chini ya kisogo chako, na anatulia. Hakandi, havuti, hapaki mafuta. Uzito wa mguso unaofundishwa ni kama gramu tano, yaani sukari ya kijiko kimoja cha chai. Baada ya muda anahamia mabegani, kisha anaweka kiganja chini ya ule mfupa bapa ulio mwisho wa mgongo, kisha anashika nyayo. Anasema anasikiliza. Dakika 45 au saa nzima inapita hivyo, na wengi huwa wamesinzia kabla ya nusu yake.

Anachosikiliza kilianza kama wazo la mtu mmoja. William Garner Sutherland alikuwa mwanafunzi wa osteopatia, aina ya utabibu wa mikono, huko Kirksville, Missouri, karibu na mwaka 1900, akaangalia fuvu lililotenganishwa vipande vyake na kuona kwamba mifupa ya kando, karibu na masikio, imechongwa ukingoni kama matamvua ya samaki. Akajiambia: kilichochongwa hivi lazima kinapumua. Akatumia miaka mingi kulifuata wazo hilo na mwaka 1939 akalichapisha. Katika miaka ya 1970 osteopatha mwingine Mmarekani, John Upledger, aliona utando wa uti wa mgongo ukicheza wakati wa upasuaji wa shingo. Akalichukua wazo la Sutherland, akalirahisisha, akaanza kulifundisha hata kwa watu wasio madaktari, na mwaka 1985 akafungua taasisi yake Florida. Madai ni kwamba maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo yana mdundo wake, kati ya mara 6 na 12 kwa dakika, kwamba mdundo huo unaweza kusikika kwa vidole, na kwamba ukirekebishwa mwili unajitibu.

Maji hayo yapo kweli. Mtu mzima ana kama mililita 150 wakati wowote, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Yanacheza pia, ila yanafuata moyo na pumzi. Ule mdundo wa tatu, unaojitegemea, ndio wenye matatizo. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwaweka wafiziotherapia watatu wenye ujuzi wa tiba hii wapime wagonjwa 12 wale wale. Vipimo vyao havikuafikiana hata kidogo. Kama watu watatu wanasikiliza redio moja na kila mmoja anasikia wimbo wake, mimi siilaumu redio.

Lakini haki itendeke. Ujerumani, mwaka 2016, watafiti walichapisha jaribio la watu 54 wenye maumivu sugu ya shingo. Nusu walipata tiba hii kwa wiki nane, nusu wakapata mguso mwepesi wa kuigiza tu. Waliopata tiba halisi walipata nafuu zaidi. Wachambuzi waliokusanya majaribio mengi pamoja wamegawanyika: wengine wanaona nafuu kidogo kwa maumivu sugu, wengine wanasema ukichuja kwa ukali hakuna kinachobaki. Kwa mnunuzi maana yake ni nyepesi. Unaweza kutoka pale ukijisikia vizuri, lakini yeyote anayekueleza sababu kwa uhakika anakuuzia zaidi ya alicho nacho.

Sasa kuhusu jukwaa. Wapo wanaocheka wakisikia mtabibu alikuwa mwigizaji au mcheza ngoma. Mimi sicheki, na sababu yangu ina jina: Frederick Matthias Alexander. Alizaliwa Tasmania mwaka 1869, akawa mtu wa kughani mashairi na tamthilia mbele ya watu, kisha sauti yake ikaanza kukatika akiwa jukwaani. Madaktari walimwambia apumzike, akapumzika, akipanda tena jukwaani inakatika tena. Basi akasimama mbele ya vioo na kujitazama akighani. Aligundua kwamba kabla hajatoa neno huwa anakaza shingo, anarudisha kichwa nyuma na kukikandamiza chini, anavuta hewa kwa nguvu. Alitumia miaka kujifundisha kuacha. Mwaka 1904 alihamia London na kuifanya kazi hiyo kuwa mafunzo kwa wengine, na mpaka leo wanafunzi wa uigizaji na muziki katika vyuo vikubwa vya Uingereza hufundishwa mbinu yake. Hakudai kusikia mawimbi ndani ya fuvu. Alidai kuwa wewe mwenyewe unajikaza bila kujua, na unaweza kufundishwa kujiachia.

Mbinu hiyo ilipimwa. Mwaka 2008 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa matokeo ya wagonjwa 579 wa maumivu sugu ya mgongo kutoka zahanati 64. Baada ya mwaka mmoja, waliopata matibabu ya kawaida tu walikuwa na siku 21 za maumivu katika kila wiki nne. Waliopata masomo 24 ya Alexander walipungukiwa na siku 18. Waliopata masomo sita, siku 10. Waliochuliwa mwili mara sita, siku saba. Walipopimwa uwezo wa kufanya kazi zao za kila siku, waliochuliwa hawakuwa na tofauti ya maana tena, ilhali waliofundishwa, na hata wale walioandikiwa mazoezi na daktari wakasimamiwa na muuguzi, bado walikuwa mbele. Na masomo sita yakichanganywa na mazoezi yalileta zaidi ya theluthi mbili ya faida ya masomo 24, kwa gharama ndogo zaidi.

Hapo ndipo ninapopimia bei zote zilizobaki katika makala haya. Mikono inayokugusa saa moja unailipia saa moja. Mikono inayokufundisha unailipia mara chache, kisha unaondoka nayo. Siku ukilala kwenye kitanda cha yule mcheza dansi wa zamani, jiulize yuko upande upi. Kama ujuzi wake wa jukwaani unaonekana, atakusimamisha, atakutazama ukitembea, ataona unavyopandisha bega la kushoto ukichukua mkoba, atakuonyesha namna nyingine na kukurudisha kesho uonyeshe. Hilo ni jambo ambalo mcheza ngoma analijua kuliko madaktari wengi. Mtazame Mbukusu anayejua kucheza kamabeka: mabega yanatikisika kana kwamba hayana mwenyewe, huku kiuno, magoti na shingo vimetulia, anacheza hivyo usiku kucha Agosti ya mwaka wa tohara na asubuhi hana maumivu. Anajua kilichokazwa na kilichoachiwa. Ujuzi huo unafundishika, na unastahili kulipiwa.

Kama badala yake jukwaa limempa sauti ya kutuliza na mikono mizuri tu, halafu anakueleza kuhusu mawimbi, basi unalipia mapumziko. Si dhambi. Ila bei iwe ya mapumziko.

Tena uliza cheti, bila haya. Kozi ya kwanza ya Upledger ni ya siku nne. Shule nyingine za tiba hiyo hiyo, zile za mtindo wa Franklyn Sills wa Uingereza, hufundisha kwa takriban miaka miwili. Mwalimu wa Alexander kwa kawaida husoma miaka mitatu, saa 1,600. Mfiziotherapia wa Kenya mwenye diploma amekaa chuoni miaka mitatu, mwenye digrii miaka minne, na wote wanapaswa kusajiliwa na Baraza la Wafiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mwenye leseni hukasirika mara chache akiulizwa leseni. Mtu aliyesoma siku nne anaweza kuwa na mikono mizuri kuliko aliyesoma miaka minne, hilo linatokea. Tofauti inaonekana kitu kikiharibika: mmoja ana baraza la kumshtakia, mwingine ana namba ya simu tu.

Mwalimu wa Alexander si mtu utakayekutana naye ukishuka stendi ya Kitale. Fizio ndiye aliye karibu naye, na huyo yupo: Kitale katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Bungoma vivyo hivyo, na katika kliniki za watu binafsi katika miji yote miwili. Ikishindikana huko, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Katika hospitali ya umma ada ya kikao huwa ya mamia, si ya maelfu. Unayolipa kwa wingi pale ni muda: foleni ya kadi, foleni ya daktari akupe barua, foleni ya fizio, kisha unaambiwa rudi Alhamisi. Kwa kibarua, Alhamisi ni pesa. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa shamba asiye na ujuzi, kilichotangazwa kuanza Novemba 2024, hakikufika shilingi 8,000 kwa mwezi, na siku iliyopotea kwenye benchi hakuna anayeirudisha.

Kwa hiyo piga hesabu nzima, usihesabu ada peke yake. Nauli kwenda na kurudi, boda kutoka stendi, siku ya kazi, chakula, na mtu wa kukusindikiza kama huwezi kukaa kwenye matatu peke yako. Tuseme mtaalamu wa kraniosakrali anatoza shilingi 3,000 na anapendekeza vikao sita: hizo ni 18,000, zaidi ya mishahara miwili ya yule kibarua. Tuseme kliniki binafsi ya fizio mjini inatoza 1,500, na unakwenda mara tatu tu kwa makubaliano kwamba utafundishwa mazoezi ya kufanyia nyumbani: 4,500. Tarakimu hizi ni za kukuonyesha njia, weka zako ulizotajiwa. Mara nyingi utakuta kinachopandisha jumla ni idadi ya vikao kuliko bei ya kikao kimoja. Na kama tiba inakutaka Nairobi, kilomita karibu 380 kutoka Kitale, nauli na malazi yanaweza kuipita ada yenyewe. Zaidi ya hayo kuna jambo ambalo halihitaji utafiti: saa nane za basi kwenda kutibiwa kiuno, na saa nane za kurudi.

Halafu kuna SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na payslip anapimwa kipato cha nyumba yake na kulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hutakiwa kuzilipa za mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa ajili hiyo ulitangazwa mwaka 2025 mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Linganisha hizo 3,600 na bei ya yule wa 3,000: hazifiki hata vikao viwili. Wanaokataa kulipa SHA kwa kuwa ni ghali, kisha wakalipa masaji ya mwezi mzima, ninawaona kila mahali, hata miongoni mwa jamaa zangu. Ila usifike kaunta ukiamini kwamba kila huduma ya fizio imeingia. Uliza kabla ya kulala kitandani: hii inalipwa na SHA au mfukoni, hapa au katika kituo cha ngazi nyingine? Tiba ya kushikwa kichwa, hiyo ni ya mfukoni.

Hata fizio usimpe hundi wazi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno. Linapendekeza mtu aelezwe hali yake, apewe programu ya mazoezi, na linakubali kuchuliwa na kunyooshwa uti kama nyongeza. Linashauri dhidi ya vitu ambavyo utavikuta vikitozwa pesa: kuvutwa mgongo kwa mashine, ile mashine ya mawimbi ya sauti inayopakwa jeli, nyaya za umeme mdogo unaowasha ngozi, na mshipi wa kiuno. Mshipi huo ninautaja kwa makusudi. Unauzwa sokoni na kando ya barabara, mweusi, wenye velkro na vyuma viwili, na wapakiaji huununua wakidhani ni kinga. Pesa yake ingetosha nauli ya kumwona mtu wa kukufundisha. Kliniki ikikuwekea mashine dakika ishirini kisha ikakuaga bila zoezi hata moja, umelipia kiti cha kungojea.

Zoezi lenyewe halina fahari, na labda ndiyo maana watu hawaliamini. Unalala chali juu ya mkeka, magoti juu, nyayo chini. Unainua makalio polepole hadi mwili unyooke kutoka begani hadi gotini, unahesabu hadi tano, unashusha. Mara kumi. Unageuka, unapiga magoti na viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kuyumba, unabadili. Halafu unatembea nusu saa, hata kama ni kwenda tu hadi mtaa wa Kipsongo na kurudi. Fizio mzuri atakuangalia ukifanya, atakurekebisha, atakupa la wiki ijayo. Mbaya atakupa karatasi.

Wakandaji wa vijijini hawahitaji maelezo marefu, msomaji anawajua kuliko mimi. Kila kata ina mama mwenye jina kwa kunyoosha misuli na mzee anayeunga mifupa. Bei ni mazungumzo: mia chache, kuku, sukari na majani ya chai. Kwa misuli iliyokaza baada ya palizi, kuchuliwa na mtu mwenye mikono ya nguvu ni nafuu halali, na huenda ikakufaa sawa na masaji ya hoteli kwa sehemu ndogo ya bei. Mpaka wangu uko kwenye mfupa uliovunjika, tumbo la mjamzito, na shingo. Hapo nisingeruhusu mtu yeyote asiye na picha ya eksrei wala leseni, hata angekuwa amemkanda babu yangu.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna pesa ambayo haitakiwi kwenda kwa mkono wowote. Ukishindwa kuzuia mkojo, au ukafa ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukaanza kulegea, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, na ikiwa ni usiku usingoje asubuhi. Mgongo unaouma zaidi usiku, na jasho, na kilo zinazopungua, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kifua kikuu nchini Kenya hutibiwa bure, na ni uchungu kuona mtu amekwisha kulipa vikao kumi vya kukandwa kwa ugonjwa ambao dawa yake hailipiwi. Na katika nchi yetu hii ya ng'ombe, kuanzia Cherangany hadi Mlima Elgon, kuna ugonjwa wa brusela. Unakunywa maziwa yasiyochemshwa, au unamsaidia ng'ombe aliyeharibu mimba bila glavu, na wiki kadhaa baadaye kiuno kinauma, maungo yanauma, homa inakuja na kwenda. Watu hutibiwa malaria mara mbili, mara tatu. Kipimo cha damu ni cha bei ndogo kuliko masaji, na dawa ni za antibayotiki za wiki nyingi. Hakuna mikono inayoitoa brusela.

Watoto wachanga nao wameingizwa katika biashara hii, hasa wanaolia sana usiku. Wazazi wanauziwa kwamba fuvu la mtoto lilibanwa wakati wa kuzaliwa na linahitaji kufunguliwa. Mguso wa gramu tano huenda usimdhuru. Lakini madaktari wa Uholanzi waliandika mwaka 2009 juu ya mtoto wa miezi mitatu aliyefariki baada ya mtu wa tiba hii kumkunja shingo na mgongo kwa nguvu. Mtoto anayelia bila kukoma apelekwe kliniki ya watoto apimwe. Pesa za kikao ziwekwe akiba ya maziwa.

Kuna mtu mmoja ambaye nisingemzuia kulipia kraniosakrali. Ni yule ambaye ameshapimwa, hana ugonjwa wa hatari, mazoezi ameyaanza, pesa anazo bila kukopa, na ana miezi hajalala vizuri, labda kwa msiba, labda kwa kazi. Kulala chali saa moja bila simu huku mtu mpole ameshika kichwa chako kuna faida yake. Basi na anunue saa hiyo, kikao kwa kikao. Wakimtajia kifurushi cha kumi kwa bei ya nane akatae, kwa sababu punguzo hilo ni la mwenye kifurushi, si la mgonjwa. Alipe kwa till ya M-Pesa ili jina na tarehe vibaki, aombe risiti, aulize mwanzoni ni dalili ipi itakayoonyesha kwamba imefaa na baada ya vikao vingapi wataacha isipofaa. Kama hivi karibuni aliumia kichwa au alitoka damu ubongoni, asiguswe kabisa hapo. Na kama anameza dawa za presha au kisukari, akaambiwa kwamba mdundo ukirekebishwa hatazihitaji tena, achukue viatu vyake na dawa zake aondoke, hata kama saa haijaisha na amekwisha lipa.